Kufundisha Uraia kwa Sikio

Saa tano na nusu usiku simu ilitetemeka mezani. Ujumbe wa sauti, sekunde 14. Kwa nyuma ilisikika mashine ya kusafishia sakafu ikinguruma, kisha ikaja sauti ya mama mmoja wa Fizi, huko Kongo, ambaye ni mwanafunzi wangu: "Jambo sana mwalimu. We the People. We the People. Niko nasema muzuri?" Basi. Alikuwa kazini, amejibanza pembeni kidogo, anarudia maneno matatu yanayofungua Katiba ya Marekani.

Nikamjibu kwa sauti pia, kwa sababu mama huyo hasomi. Ningemwandikia, ujumbe wangu ungekaa pale mpaka mwanawe atoke shule kesho yake.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma. Naishi Lexington, katika jimbo la Kentucky, mji uliozungukwa na mashamba ya farasi, na kwa miaka minne sasa kila Jumamosi asubuhi nafundisha Kiingereza na masomo ya uraia kwenye chumba cha chini cha kanisa. Wanafunzi wangu wengi ni Wakongo wa Kivu ya Kusini, na Warundi wachache. Wengi wao walipitia Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani kwetu. Watoto wao walisoma kambini kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Kiingereza walikuja kukutana nacho ukubwani, wengine uzeeni.

Watu huniuliza mtandaoni, wengine wako Dayton, wengine Boise, wengine Portland: mwalimu, nimtumie mama yangu tovuti gani ajiandae na mtihani wa uraia? Nimelijibu swali hilo kwa mistari miwili mara nyingi mno, na kila mara nimebaki na deni moyoni. Leo nalijibu kwa kirefu.

Kwanza hesabu ya miaka, maana ndiyo inayoonyesha kwa nini wazee wetu hawana muda. Mkimbizi akipata grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, tarehe yake hurudishwa nyuma hadi siku aliyotua Marekani. Miaka 5 ya kungoja uraia huhesabiwa tangu siku hiyo, na fomu ya maombi, N-400, inaweza kupelekwa siku 90 kabla haijatimia. Upande mwingine, mzee aliyeingia kama mkimbizi hupewa fedha za SSI, msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wasio na kipato, kwa miaka 7. Ikipita hajawa raia, na hana rekodi ndefu ya kazi nchini humu, fedha husimama. Halafu kuna ruhusa ya kufanya mtihani kwa lugha yako mwenyewe: inakuja ukiwa na umri wa miaka 55 na umekaa na grini kadi miaka 15, au umri wa miaka 50 na umekaa miaka 20.

Sasa mchukue bibi aliyefika mwaka 2017 akiwa na miaka 66. Mwaka 2022 anaweza kuomba uraia. Mwaka 2024 SSI inakatika. Ruhusa ya kujibu kwa Kiswahili inamfikia mwaka 2032, akiwa na miaka 81. Katikati hapo kuna miaka minane ya kodi ya nyumba na dawa za presha. Ipo fomu ya daktari, N-648, inayomwondolea mtu mtihani kwa sababu ya ugonjwa wa akili au mwili unaomzuia kujifunza, lakini uzee peke yake hautoshi, na kutojua kusoma peke yake hakutoshi. Kwa hiyo bibi mwenye akili zake timamu, ambaye hakupelekwa shule kwa sababu alikuwa msichana na palikuwa na vita, lazima asome Kiingereza. Huyo ndiye ninayemwaza ninapoulizwa kuhusu tovuti.

Na nianze na tovuti ambayo wengi wanaipita. Idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, imeweka kwenye ukurasa wake vitu vya bure: maswali na majibu, kadi za kujifunzia, rekodi za sauti, video ya mahojiano. Vyote vizuri. Lakini hazina yenyewe ni karatasi mbili fupi, orodha ya maneno ya kusoma na orodha ya maneno ya kuandika. Kila orodha haifiki maneno 100. Afisa atakupa sentensi tatu za kusoma, na ukisoma moja sawasawa umepita. Atakusomea sentensi tatu uandike, na moja ikieleweka umepita, hata kama herufi moja imekosewa. Sentensi hizo hutungwa kwa maneno ya orodha zile. Yaani mtu asiyejua kusoma hahitaji kuimeza lugha nzima ili avuke mlango huu. Anahitaji kuyatambua maneno yasiyozidi wanafunzi wa darasa moja la shule ya msingi huko kwetu.

Nilipolielewa hilo nilibadili kila kitu. Nilikuwa nafundisha a, b, c kama nilivyofundishwa mimi, na kina mama wanasinzia baada ya zamu za usiku. Sasa naanza na neno zima lenye uzito: "vote", "taxes", "flag". Tunalitamka, tunalipiga makofi, tunaliandika kwa kidole hewani, ndipo tunaliandika kwenye daftari. Herufi wanazijua kwa kupitia maneno, kama mtu anavyowajua watoto wa jirani kwa kumjua mama yao. Mama yule wa Fizi aliisoma sentensi yake ya kwanza, "We pay taxes", mwezi wa tatu. Akaniambia kodi analipa tangu wiki ya kwanza ya kazi, ila hakuwahi kujua neno lake lina sura gani.

Jambo jingine nililojifunza kwa uchungu: ofisini, kusoma na kuandika mara nyingi hufanyika kwenye kishikwambi. Kalamu yake huteleza juu ya kioo. Mzee mmoja aliyekuwa akiandika vizuri daftarini alirudi kutoka Louisville, ambako watu wa kwetu huenda kuhojiwa, akiwa ameanguka sehemu ya kuandika. Mkono ulitetemeka, mstari ukapotea, akaona haya, akaacha. Ukianguka unarudishwa mara moja kwa sehemu ile uliyokosa, kati ya siku 60 na 90 baadaye. Ukianguka tena unaanza upya kwa fomu mpya na ada mpya. Ada hiyo tangu Aprili 2024 ni dola 760 kwa karatasi na 710 mtandaoni, ingawa wenye kipato kidogo wanaweza kulipa 380 au kuomba kusamehewa kabisa. Kwa siku zile 60 tulifanya mazoezi ya kuandika kwenye kioo cha simu kubwa ya mjukuu wake, kila jioni, sentensi moja. Alipita. Tangu hapo hakuna anayetoka darasani kwangu hajaandika juu ya kioo.

Tovuti ya pili ni USA Learns, iliyotengenezwa na ofisi ya elimu ya wilaya ya Sacramento, California. Ni bure, ina kozi nzima ya uraia yenye video za mahojiano, na mwanafunzi anaweza kujirekodi. Naipenda kwa vijana waliomaliza shule hapa au waliosoma sekondari Uvira. Kwa mtu asiyesoma, kule kujisajili tu ni ukuta. Lazima mwenye kusoma aketi naye. USAHello nayo ina kozi ya uraia na maelezo mengi kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo namtumia mtoto anayetaka kumsaidia mzazi wake lakini hajui aanzie wapi.

YouTube naiogopa kidogo. Nitaeleza kwa nini. Tangu Oktoba 2008 mtihani wa maswali ya historia na serikali ulikuwa na maswali 100. Afisa aliuliza hadi 10, na ukipata 6 umepita. Walioomba uraia kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanafanya mtihani mpya: maswali 128, huulizwa hadi 20, na lazima upate 12. Ukikosa 9 afisa anasimama hapo. Aliyepeleka fomu kabla ya tarehe hiyo anabaki na ule wa zamani. Kwa hiyo siku hizi katika chumba kimoja nina watu wa mitihani miwili, na YouTube imejaa video za mtihani mmoja tu, nyingine zikiwa na majina ya viongozi waliokwisha kuondoka. Kijana mmoja anayeendesha forklifti ghalani alikariri maswali 100 kwa miezi sita, akisikiliza njiani kwenda kazini na kurudi. Fomu yake ilipokelewa Novemba 2025. Niliposhika risiti yake na kuiona tarehe, nilishindwa kumwambia mara moja. Nilimwomba kwanza tunywe chai.

Kazi yake haikupotea yote, maswali mengi yanafanana. Lakini angalieni tofauti hii. Mtihani wa zamani uliuliza maneno matatu ya kwanza ya Katiba ni yapi, nawe ukajibu "We the People" ukamaliza. Mpya unakutajia maneno hayo, kisha unauliza yana maana gani. Wa zamani ulitaka majimbo matatu kati ya yale 13 ya mwanzo. Mpya unataka matano. Mkaririshaji anaweza kukuongezea majimbo mawili. Maana ya "sisi wananchi" hakuna video iliyonisaidia kuifundisha. Ilibidi tuongee, kwa Kiswahili, Jumamosi mbili mfululizo, juu ya nani alimchagua nani huko walikotoka. Bibi mmoja akakumbuka enzi za Mobutu, jinsi kila mtu alivyolazimika kumwita mwenzake "sitwayeni", mwananchi, na mwananchi huyo hana sauti yoyote. Akasema: kumbe hapa wanaandika kwamba sisi ndiyo tunaanza, kisha anakuja mukubwa. Nikamwambia hilo ndilo jibu. Tukalitafutia Kiingereza chake, tukalipata kwenye orodha ya majibu yanayokubalika: watu wajitawale wenyewe. Hakulisahau tena, kwa sababu lilikuwa lake kabla halijawa la USCIS.

Tufike kwenye jambo ambalo tovuti karibu zote zinalipa nafasi ndogo kuliko linavyostahili. Wanafunzi wangu wanaoanguka, wengi hawaangushwi na George Washington. Wanaangushwa na N-400 yenyewe. Afisa huipitia fomu na wewe kwa Kiingereza, na hapo ndipo anapopima kama unaelewa lugha. Kabla hata hujakaa umeshaanza kupimwa: inua mkono wa kulia, unaapa kusema kweli, umefikaje leo. Kisha yanaanza maswali ya "Have you ever". Je, umewahi. Umewahi kudai kuwa raia wa Marekani, umewahi kutolipa kodi, umewahi kukamatwa. Neno hilo dogo, "ever", ndilo gumu kuliko yote ninayofundisha. Mtu aliyeambiwa na ndugu zake "wewe jibu no kwa kila kitu" anajibu no, afisa anamuuliza "ever" maana yake nini, na hapo anabaki kimya.

Hapo sikubali kukaririsha. Kwa Kiswahili tuna "-wahi", ni zuri mno kwa kazi hii: hujawahi hata siku moja, tangu uzaliwe, mahali popote duniani. Natumia mambo mepesi kwanza. Umewahi kula samaki wa Tanganyika? Umewahi kuona theluji kabla ya kuja hapa? Vicheko vinajaa chumba. Kisha nashuka polepole hadi kwenye maswali mazito, na kuna moja ambalo chumba hunyamaza kabisa.

Fomu inauliza kama umewahi kuwa mwanachama wa, au kusaidia kwa namna yoyote, jeshi, polisi, kikundi cha waasi, wanamgambo, kikundi cha kujilinda. Kwa mtu aliyekulia vijiji vya Fizi au Mwenga, swali hili si la Kiingereza. Wanamgambo wa Mai-Mai walikuja kijijini, wakasema leta mbuzi, pika, beba mzigo huu hadi mlimani. Ulipika. Ulibeba. Je, ulisaidia? Mimi ni mwalimu wa lugha, na kazi yangu hapo ni kuhakikisha mtu ameelewa alichoulizwa, tena kwa lugha aliyonyonya. Jibu lake si langu kumpangia, wala si la rafiki wa kanisani, wala la yule anayejaza fomu za watu kwa dola mia mbili sebuleni kwake. Namwambia aende kwa mwanasheria wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, mashirika mengi ya wakimbizi yanao, asimulie yote kama ilivyotokea kabla fomu haijaenda. Uongo mdogo uliosemwa kwa hofu unaweza kumnyima mtu uraia aliostahili kabisa. Watengenezaji wa programu za uraia wakinisikia, ningewaomba kitu kimoja: wekeni sehemu hii kwa sauti, kwa lugha za watu, taratibu, tena kwa upole.

Halafu kuna kiapo. Nilidhani kiapo ni sehemu ya furaha tu, bendera ndogo mikononi na picha za familia. Mpaka nilipofika kwenye neno "renounce" nikalitafsiri kama kamusi inavyosema: kukana. Mzee mmoja kutoka Walungu, Kivu ya Kusini, aliyekaa miaka mingi Nakivale kule Uganda kabla ya kuja hapa, akaweka kalamu chini.

"Kukana kama Petro?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Kwa Mkristo wa Kiswahili, kukana kuna jogoo ndani yake. Kuna moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu na mtu anayesema simjui. Na kiapo kinataja kukana utii kwa kila mwana wa mfalme na mtawala wa nje, naye kwao Bushi kuna Mwami, mfalme wa jadi. Aliuliza kwa sauti ya chini kama anaapa kumkana Mwami wake. Darasa zima likanitazama.

Nikamwambia ukweli ninaoujua. Kiapo kinahusu utii wa kisheria kwa dola nyingine, yaani nchi ipi utaitumikia na kuilinda. Hakigusi ukoo wake, lugha yake, makaburi ya wazazi wake wala heshima anayompa Mwami. Lakini sikumficha upande wa pili pia: Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Tanzania yangu ni hivyo hivyo kwa mtu mzima. Kenya ilifungua mlango mwaka 2010, Kongo na Tanzania bado. Nikawaambia pia kwamba mimi mwalimu wao sijaapa kiapo hiki. Nina grini kadi, na pasipoti yangu ya Tanzania iko kwenye droo, na kila mwaka naitoa naitazama nairudisha. Hawakunihukumu. Mzee yule akasema, wewe nchi yako haijakufukuza, mwalimu. Mimi yangu ilinikana kwanza.

Tangu siku hiyo sitafsiri tena "renounce" kwa neno moja. Nasema: kuachana na utii wa zamani. Ni ndefu, lakini inabebeka.

Hapo ndipo wazo la rekodi lilipoanza. Kila nyenzo niliyoitaja ina ubora wake, lakini hakuna hata moja iliyomfikia mama mwenye mashine ya sakafu mkononi na simu mfukoni. Nikaanza kurekodi mwenyewe. Swali kwa Kiingereza, polepole, mara mbili. Maana yake kwa Kiswahili. Jibu kwa Kiingereza, mara tatu, na nafasi ya kimya ili msikilizaji arudie. Kila rekodi haizidi dakika moja, natuma kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, tano kwa wiki. Hazili bando, hazihitaji nenosiri, na zinasikilizika gizani. Wao hujirekodi wakijibu na kunirudishia. Naweza kusikia nani anakosea "Senators" na nani ameshapona. Majibu yanayobadilika, kama maseneta na gavana, nayaangalia kwenye ukurasa wa USCIS kila ninapoyatuma upya. Mji mkuu wa jimbo letu haubadiliki, ni Frankfort, ingawa nusu ya darasa bado watasema Louisville kwa sababu ndiko kulikokubwa.

Nilidhani Kiswahili changu cha Kigoma kinatosha. Kwenye swali la majimbo nilirekodi kwamba Marekani ina majimbo 50, na Wakongo wakaelewa mara moja, kwa kuwa kwao Kivu ni jimbo. Mtanzania mmoja aliyejiunga nasi baadaye akadhani nazungumzia majimbo ya uchaguzi. Nikarekodi tena. Kisha nikafika kwenye maswali ya mamlaka ya serikali kuu na mamlaka ya majimbo, nikarekodi nane kwa usiku mmoja, nikajisikia nimefanya kazi nzuri.

Asubuhi nikakuta ujumbe wa mama wa Fizi, sekunde 40 nzima. Zamu yake ilikuwa imekwisha, nilisikia basi likifunga milango.

"Mwalimu, jambo sana. Ile ya jana, unasema serikali kuu, serikali kuu. Bibi wa hapa kwetu hakusikia. Mimi nilisikia kidogo, juu nilikaa Tanzania. Sema Leta. Sisi wote tunajua Leta. Warundi nao wanaita Leta. Ukisema Leta, bibi atashika."

Leta, kutoka Kifaransa cha Wabelgiji, dola. Nimelisikia neno hilo tangu utoto, sokoni kwa Wakongo waliovuka ziwa, na halikunijia hata mara moja. Jioni nilifunga dirisha, nikaanza upya na ya kwanza kati ya zile nane: kuna mambo ambayo ni Leta ya Amerika nzima peke yake inaruhusiwa kufanya. Taja moja. Kuchapa pesa. "Print money." Rudia. "Print money."